Siku ya Ishirini na Moja

Kwa siku ishirini jina langu lilikaa kwenye ubao wa matangazo, limebandikwa pamoja na jina la mwanamume ambaye hajawahi kunishika hata mkono. Kila mtu katika Idara ya Sheria alijua kuwa ni zoezi la darasani. Hata mimi nilijua. Tatizo ni kwamba kila asubuhi nilipita pale ubaoni, njia ambayo wala si yangu, ili tu niyaone yale majina mawili yamekaa jirani, halafu naenda zangu maktaba huku najisonya mwenyewe.

Idara yetu ilikuwa na umri wa miezi minane. Walitupa jengo lililokuwa maabara ya kemia, wakatuambia tuvumilie, nasi tukavumilia. Kwenye darasa la sheria ya mikataba, mabomba ya gesi yalikuwa bado yamechomoza juu ya meza, yamezibwa kwa nta. Maktaba yangu ilikuwa stoo ya tindikali, na siku za joto kali vitabu vya jinai vilinuka kama siki. Wanafunzi walikuwa themanini na wawili, wote wa mwaka wa kwanza kwa sababu hapakuwa na mwaka mwingine. Mimi nilikuwa mkutubi, msaidizi wa mkutubi na mfagiaji wa maktaba, wote watatu katika gauni moja. Wanafunzi waliniita Bi Kimya. Si kwamba nanyamaza, maana sinyamazi. Ni kwamba hilo ndilo neno nililowatupia mara nyingi kuliko yote.

Na yeye walimwita Wiki Ijayo.

Alifundisha sheria ya ndoa na familia. Kabla ya kuja kwetu alikuwa wakili kwa miaka tisa. Mrefu, mpole, ana suti mbili tu lakini zote zimepigwa pasi zikanyooka. Ukimwuliza alama za jaribio zitatoka lini, wiki ijayo. Ukimwuliza lini atachukua likizo, wiki ijayo. Ukimwuliza kama ile chai iliyopoa mbele yake ataimaliza, nadhani angekujibu hivyohivyo.

Kila siku saa tisa alasiri alikuja maktaba kuazima juzuu ya nne ya hukumu za ndoa, na kila siku saa kumi na moja aliirudisha. Hakuna binadamu mwenye haja kiasi hicho na juzuu ya nne. Katika hizo saa mbili tulizungumza. Nilimweleza habari za mama yangu ambazo sijawahi kumweleza mtu. Nilimweleza habari za baba, fundi vyerehani, aliyeninunia mwezi mzima nilipomwambia nimepata kazi mahali panapofundishwa mawakili. Alinisikiliza bila kutazama saa. Mara tatu, nilihesabu, alisimama mlangoni kunitazama, akafungua mdomo, nami nikaweka muhuri wangu chini.

"Mkutubi," alisema.

"Naam?"

"Basi. Tutaongea wiki ijayo."

Nina miaka thelathini na mmoja. Wiki zijazo nilizobakiwa nazo si nyingi kiasi hicho.

Lile tangazo lilikuja hivi. Aliwafundisha kwamba watu wawili wakikusudia kuoana hujaza fomu, majina yao yakabandikwa hadharani kwa siku ishirini na moja, na mwenye pingamizi huja kulisema kabla ya siku hizo kwisha. Halafu akaamua wajifunze kwa vitendo: tangazo libandikwe kweli, siku zihesabiwe kweli, na siku ya mwisho mahakama ya mazoezi isikilize pingamizi. Fomu ikapelekwa kwa karani wa idara. Karani wetu, Mzee Muhuri, alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika ofisi ya kuandikisha ndoa kabla hatujamchukua, na kazi hiyo ilikuwa bado haijamtoka mwilini. Alipiga chapa nakala safi yenye majina mawili tu, akaigonga muhuri, akaifungia kwenye ubao wa kioo, na fomu ya asili akaiweka kwenye jalada.

Nilipoona jina langu nilidhani ni utundu wa wanafunzi. Alasiri ile nilimwuliza mwalimu wao, nikijitia kucheka.

"Nani kaandika jina langu pale?"

Alikohoa mpaka nikamwonea huruma. "Hilo," akasema, "nitakueleza wiki ijayo."

Wiki tatu zikapita, na siku ya ishirini na moja ikafika.

*

Mahakama ya mazoezi ilikuwa ile maabara kubwa. Jaji alikaa nyuma ya meza ya mwalimu wa kemia, mbele yake kuna sinki. Kizimba kilikuwa kabati la chupa lililotolewa milango. Jaji mwenyewe alikuwa mwanafunzi, mama aliyefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na minne kabla ya kuja kusoma sheria. Wote tulimwita Sista. Alivaa joho lililoshonwa kwa kitambaa cha pazia jeusi, na aliongoza mahakama kama alivyokuwa akiongoza wodi.

"Mnaokaa karibu na mabomba, msiyachezee," alisema. "Mjibu maombi yuko wapi?"

Wiki Ijayo alisimama. Kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye tangazo, alikubali kucheza nafasi ya bwana harusi. Mimi nilikaa benchi la mbele kucheza bibi harusi asiyesema kitu, kazi ambayo wanafunzi walisema itanishinda. Mkuu wa Idara, mama mwembamba anayependa mambo yaende kwa ratiba, alikaa nyuma kabisa na daftari lake. Baba wa kuigiza alikuwa mchekeshaji wa darasa, ameshabandika ndevu za pamba, ameshika fimbo, anasubiri kuitwa.

Mzee Muhuri alifungua jalada, akasafisha koo, akaita kwa sauti ileile ya miaka ishirini na sita.

"Mwenye pingamizi dhidi ya ndoa hii ajitokeze!"

Ndevu za pamba zikainuka. Lakini kabla hazijafika mbele, mlango wa nyuma ulifunguliwa na sauti nyingine ikasema, "Nimekuja."

Sikuhitaji kugeuka. Ile ni sauti iliyoniamsha kwenda shule miaka yote.

Baba alikuwa amevaa koti lake la kahawia, lile ambalo hulitoa sandukuni kwa mambo mazito tu. Mkononi alikuwa na bahasha yenye muhuri wa idara yetu. Alipita katikati ya madawati, akimwitikia kila aliyemwamkia, akasimama pembeni ya yule mwenye ndevu za pamba. Wakatazamana.

"Mzee," Sista aliuliza, akipekua karatasi zake, "na wewe umeletwa kuigiza baba?"

"Kuigiza?" Baba alininyooshea kidole. "Huyu nimemzaa mimi!"

Darasa zima liliangua kicheko. Mchekeshaji wa darasa alibandua ndevu zake polepole, akazitia mfukoni, akarudi kukaa. Mkuu wa Idara alikuwa ameshafika mbele, daftari kifuani.

"Shikamoo, mzee wangu. Samahani sana. Hiyo barua umeipata wapi?"

"Marahaba. Imeletwa na posta, leo asubuhi. Inasema mwanangu anaolewa, na kama nina pingamizi nilifikishe kabla ya saa tisa."

Sote tuligeuka kumtazama Mzee Muhuri. Naye alitushangaa.

"Fomu ilikuwa na anwani ya mzazi," alisema. "Anwani ikiwepo, mzazi hujulishwa. Miaka ishirini na sita sijaacha kumjulisha mzazi hata mmoja. Mlitaka nianzie hapa?"

"Lakini Mzee Muhuri, hili ni zoezi!"

"Mbona fomu haikuandikwa zoezi?"

Mkuu wa Idara alifumba macho kidogo. Kisha alimgeukia baba, akamweleza kwa heshima zote: hakuna ndoa, hakuna posa, ni wanafunzi wanajifunza, idara inaomba radhi, gari litamrudisha nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama nimemshika baba kiwiko. Aibu ilikuwa imenivaa kuanzia utosini.

"Baba, twende nje nikueleze."

Hakusogea. Alikuwa anaitazama ile meza, lile joho la pazia, lile kabati lililofanywa kizimba.

"Kwa hiyo hapa ni mahakama ya kujifunza," alisema.

"Ndiyo, mzee," Sista alijibu.

"Na leo ilikuwa imepangwa kumsikiliza baba mwenye pingamizi."

"Ndiyo."

"Haitaahirishwa?"

"Ratiba inasema leo," Sista alisema. "Kwa nini iahirishwe?"

Baba aliutoa mkono wangu kwenye kiwiko chake kwa upole, kama anavyoondoa uzi ulionasa kwenye mashine. "Basi acheni niseme. Hata kama ni mazoezi. Koti nimeshavaa."

Mkuu wa Idara aliikagua ratiba daftarini mwake, akarudi kukaa. Baba akaingia kizimbani.

*

"Vuta pumzi, mzee," Sista alimwambia. "Haraka ya nini. Kazi yako?"

"Fundi vyerehani. Natengeneza, sishoni. Ingawa kushona pia najua."

"Na pingamizi lako ni nini?"

"Huyu bwana ni wakili."

Watu walicheka. Baba aliwasubiri wamalize.

"Nilikuwa na karakana. Jirani akajenga ukuta, ukuta ukaingia ndani ya karakana yangu, ukanikatia dirisha. Nikaenda mahakamani. Jirani akaweka wakili, kijana mpole tu, anasalimia vizuri, kama huyu. Kila tukifika anasimama, anainama, anasema, 'Mheshimiwa, naomba ahirisho.' Wiki ijayo. Mwezi ujao. Baada ya likizo. Miaka kumi na moja, mama yangu."

"Ushahidi wako ulitoa lini?"

"Sikutoa. Ndiyo nakwambia sasa. Miaka kumi na moja hakuna aliyeniuliza hata kazi yangu. Wewe ndiye wa kwanza."

Hakuna aliyecheka tena. Sista aliweka kalamu chini.

"Shahidi wangu wa kwanza alikuwa mke wangu," baba aliendelea. "Yeye ndiye aliyekuwepo nyumbani ule ukuta ulipoanza. Alishona gauni la kutolea ushahidi. La bluu, na kola nyeupe. Alisema hawezi kusimama mbele ya jaji na nguo za jikoni. Kila tarehe analivaa, tunakwenda, tunakaa benchi, tunaambiwa rudini. Tunarudi, analivua, analikunja. Mwaka wa sita akafariki. Halijawahi kutoa ushahidi lile gauni. Liko sandukuni."

Nililijua gauni hilo. Nimelipanga na kulipangua sandukuni tangu nikiwa msichana, nikidhani ni la sikukuu, maana siku za mahakama nilikuwa shule. Nililia palepale kwenye benchi la mbele, mbele ya wanafunzi themanini na wawili, wala sikujificha.

"Kwa hiyo pingamizi langu ni hili." Baba alimgeukia Wiki Ijayo kwa mara ya kwanza. "Sikuchukii, kijana. Sikujui. Naogopa tu. Naogopa mwanangu asije akawa amevaa, amekaa, anasubiri, na kila siku mtu anasimama anamwambia wiki ijayo."

Kwenye safu za nyuma mtu alisema, "Loo!" Maskini baba hakujua jina wanalomwita darasani. Alirusha jiwe gizani likampata Wiki Ijayo mwenyewe katikati ya paji la uso.

Sista alikunja mikono yake juu ya sinki. "Mjibu maombi, umesikia. Nakuuliza swali moja jepesi. Unakusudia kumwoa huyu dada, au hukusudii?"

Alisimama. Uso ulikuwa umemshuka. Alinitazama, na machoni mwake niliona kila kitu nilichokuwa nikikisubiri kwa miezi minane, kimefika mpaka mlangoni, kinataka kutoka. Alifunga kifungo cha koti. Akainama kidogo, jinsi alivyoinama miaka tisa ya uwakili.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba ahirisho. Mpaka wiki..."

Alinyamaza hapohapo, mkono ukaenda mdomoni. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Darasa lilipasuka. Walicheka mpaka mmoja akafungua bomba la maji bila kukusudia. Baba hakucheka. Alitingisha kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa majibu aliyokuwa akiyajua. Nami nilichukua funguo zangu nikatoka.

*

Maktaba haibishwi hodi, kwa hiyo hakubisha. Nilikuwa nimempa mgongo, napanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Mkutubi."

"Juzuu ya nne iko mahali pake. Jichukulie."

"Mkutubi, tafadhali nisikilize."

"Nimekusikiliza miezi minane!" Niligeuka. "Unajua nimechoka nini? Sijachoka kukupenda. Hilo ningelimudu. Nimechoka kujipangia cha kusema siku utakaponiambia. Kila jioni narudi chumbani nimebeba majibu ya swali ambalo hujauliza. Na leo umeulizwa mbele ya baba yangu, hata si mimi niliyeuliza, umeulizwa na jaji wa joho la pazia, nawe unaomba ahirisho!"

"Ulimi uliteleza."

"Miaka tisa unateleza?"

Aliweka juu ya meza yangu fomu moja, imekunjwa mara mbili, kingo zimechakaa. "Nimeiomba kwa Mzee Muhuri. Ndiyo ya asili. Soma kwanza, halafu unifukuze."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeiona nakala ya mashine tu, wala sikujua kuwa fomu yenyewe imejazwa kwa mkono wake, zile herufi zake zinazolalia kushoto. Tarehe yangu ya kuzaliwa. Jina la baba, mtaa wake, nyumba ya pili baada ya kisima, fundi vyerehani. Mama: marehemu, mshonaji, alipenda rangi ya bluu. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kitu kama hicho, alikibana pembeni. Mambo yote niliyomwambia mara moja tu, nikidhani yamepita. Nafasi moja ilikuwa tupu. Tarehe inayokusudiwa.

"Umeandika lini hii?"

"Jioni ile uliponieleza habari za mama yako. Miezi mitano sasa."

"Miezi mitano? Na zoezi je?"

"Fomu ya zoezi ilikuwa nyingine, ina majina ya kubuni. Nilizichanganya. Hii nilikuwa naiweka humo." Alionyesha rafu. "Ndani ya juzuu ya nne. Kila siku nilikuja, nikaifungua, nikasema leo nampa, nikaifunika. Siku ya zoezi nilimwambia kiranja wa darasa, nenda maktaba, fomu iko ndani ya juzuu ya nne. Nilisahau kwamba ya zoezi iko kwenye mkoba wangu."

Kwa hiyo miezi mitano kitabu hicho kilikuwa kinapita mikononi mwangu, nakigonga muhuri kinatoka, nakigonga muhuri kinarudi. Mkutubi mzima! Sijawahi kukipekua hata siku moja.

"Na ulipoiona ubaoni, mbona hukuibandua?"

"Nilikuja asubuhi mapema na ufunguo wa kile kioo. Nikakukuta umesimama mbele yake." Alitabasamu kidogo, kwa woga. "Nikasema basi, ikae siku moja zaidi. Kesho yake nikakukuta tena."

Niliona joto linanipanda shingoni.

"Nimeomba maahirisho mengi sana maishani," alisema. "Ilikuwa kazi, sikufikiria. Sikuwahi kugeuka nyuma kutazama nani amekaa benchi amevaa nguo gani. Leo baba yako amenigeuza shingo. Nimeona aibu, mkutubi, na aibu ikaniziba mdomo, mdomo ukasema kile ulichozoea. Lakini nakupenda. Nakupenda tangu siku ile uliyonifukuza humu kwa kutafuna pipi."

"Ulikuwa unaitafuna kwa kelele."

"Najua."

Nilitamani kumwangukia kifuani. Nilipiga moyo konde, nikamrudishia fomu yake.

"Maneno matamu hayo," nilisema. "Lakini hayajaulizwa hapa. Yameulizwa kule. Nenda kamjibu aliyekuuliza."

"Watakuwa wameshatawanyika."

Mlangoni kilichungulia kichwa cha mchekeshaji wa darasa, ndevu za pamba amezibandika tena.

"Mwalimu, samahani. Sista anasema ombi la ahirisho limekataliwa. Ametoa dakika kumi watu wanywe maji, na zimebaki mbili."

*

Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoka. Zaidi ya hapo, wanafunzi wa uhasibu wa ghorofa ya juu walikuwa wameshasikia habari na kujipanga madirishani. Baba alikuwa bado kizimbani, amekataa kiti, anaichunguza bawaba ya lile kabati kama anataka kuitia mafuta. Saa ya ukutani ilionyesha dakika sita kabla ya saa tisa.

"Mjibu maombi," Sista alisema.

Hakufunga kifungo. Hakuinama. Alipita mbele ya meza ya jaji, akaenda akasimama mbele ya baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba alijibu, bila haraka.

"Naliondoa ombi langu la ahirisho. Ndiyo, nakusudia kumwoa binti yako. Si kwa zoezi. Fomu ile niliijaza mwenyewe, kwa ajili yangu mwenyewe, nikaogopa kuitoa. Nampenda. Nilitakiwa kuja nyumbani kwako kukuambia hivyo, badala yake nimekuleta huku kwa barua ya posta, na nakuomba radhi."

Wanafunzi wa kike walishusha pumzi zote kwa pamoja. Baba alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Umesema vizuri," alisema. "Yule wakili mwingine pia alisema vizuri. Mimi sitaki maneno, kijana. Miaka kumi na moja nilikuwa nataka kitu kimoja tu. Nataka tarehe."

Bomba lile la maji lilikuwa bado linadondoka. Nilijikuta nimekamata benchi kwa mikono miwili. Sema, niliomba moyoni. Ukinipenda, sema.

Alinigeukia mimi.

"Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao," alisema. "Unayo nafasi?"

Watu themanini na zaidi walinitazama, bila kuhesabu wahasibu. Mimi ambaye huwanyamazisha wote nilitafuta sauti yangu sikuiona. Nilifikiria mambo mengi makubwa ya kusema, yale yote niliyokuwa nikirudi nayo chumbani, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Jumamosi maktaba inafungwa saa sita. Kuanzia saa nane nina nafasi."

"Saa nane basi," alisema, na uso wake ukang'aa kiasi kwamba nilitazama chini.

"Mvua ikinyesha?" baba aliuliza.

"Saa nane."

"Ukipata kesi?"

"Sina kesi, mzee. Ninayo hii moja."

Mzee Muhuri hakusubiri kuambiwa. Aliichukua ile fomu mkononi mwa Wiki Ijayo, akaitandaza ukingoni mwa sinki, akaandika tarehe kwenye nafasi iliyobaki kwa mwandiko wake wa mviringo, kisha akatoa muhuri na kidau cha wino mfukoni mwa koti. Mkuu wa Idara alimkumbusha kwamba idara haina mamlaka ya kuandikisha ndoa. Mzee Muhuri alisema anajua, anaweka tu kumbukumbu, na kesho asubuhi ataipeleka mwenyewe kule alikotoka.

"Mwenye pingamizi," Sista alisema, akitazama saa ya ukutani. "Zimebaki dakika mbili. Pingamizi lako linabaki, au unaliondoa?"

Baba alitoka kizimbani polepole, akaja hadi benchi la mbele. Alinishika mabega, akanirudisha nyuma hatua moja, akanipima kwa macho mabegani, kifuani, kiunoni, kama afanyavyo mtu mwenye futi ya kushonea shingoni.

"Mama yako alikuwa mnene kidogo kuliko wewe," alisema. "Lile gauni litabidi nilipunguze kiuno."